Kusimama Mpaka Chini

Mwezi uliopita nilikwenda kuagiza rafu ya vitabu kwa seremala mmoja wa mtaa huu ninaopanga, nikarudi bila kuagiza chochote. Alikuwa akipiga randa ubao wa mninga. Harufu ya mninga unaporandwa ina utamu fulani, kama asali iliyokaribia kuungua, na nyuma ya utamu huo kuna ukali unaokwaruza koo. Nilisimama mlangoni, maranda yakidondoka miguuni pake kama maganda mekundu, nikasahau nimefuata nini. "Dada, tukusaidie nini?" aliniuliza. Nikamwambia nitarudi. Sijarudi. Vitabu vyangu bado viko sakafuni, nami kila nikivitazama ninajiuliza fundi yule alinifikiriaje, kana kwamba fundi mwenye kazi zake ana nafasi ya kunifikiria.

Wenzangu chuoni walikuwa wakinicheka kwamba nikiulizwa saa ngapi, ninafikiri kwanza kwa nini nimeulizwa mimi na si mwingine. Ni kweli. Sijui hali hii ilinianza lini, lakini nikirudi nyuma, kila mara ninafika kwenye barabara moja ya Tabora, ile iliyoteremka kutoka bomani, na mimi niko chini yake nimeshika kigari, ninatafuta uso mmoja katika umati wa watu.

Baba yangu alikuwa seremala. Alifanyia kazi kwenye upenu wa nyumba yetu, upande wa pili wa reli, nasi tulioishi ndani tulikula mninga, tukavaa mninga, tukalalia mninga. Mama alipokung'uta shuka asubuhi, vumbi jekundu liliruka. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Kalamu yake ya risasi ilikaa sikioni hata wakati wa kula. Mimi aliniita Mayu, yaani mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na alipoliita jina hilo mbele ya wageni nilijiona mtu mzima mwenye heshima, ingawa nilikuwa sijaota meno ya mbele.

Jioni karibu zote alikuja kwetu Bwana Kondo. Huyu alikuwa Mzaramo, mwenyeji wa pwani, aliyeletwa Tabora na kazi katika karakana ya reli. Alikuwa mrefu, mweusi, mwenye uso uliofungwa kama duka siku ya Ijumaa mchana. Salamu yake ilianzia barabarani.

"Mpagazi! Bado hujafa?"

"Nitakufaje, Kifuu," baba alijibu bila kuinua macho kwenye randa, "na wewe hujajifunza kushika jembe la kuchimbia kaburi?"

"Nitakuchimbia kwa kijiko. Mtu mwenyewe umebaki mifupa."

"Kaa chini, usinizibie mwanga."

Alikaa kwenye gogo, akaendelea. Alisema babu zetu walitembea kwa miguu kutoka hapa mpaka baharini wamebeba pembe za ndovu za watu wengine, na walipofika kwao pwani walipewa maji kwenye kifuu cha nazi kwa sababu mikono yao ilikuwa imesahau kushika kikombe. Baba alisema babu zake Kondo walikuwa wamekaa tu wakipiga ngoma, wakiwangoja Wanyamwezi wawaletee habari za dunia. Mimi nilipomwamkia, "Shikamoo," aliitikia, "Marahaba, mjukuu wa mizigo."

Ninyi mliokulia kwetu mnajua huo ulikuwa utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, na mnashangaa mtoto gani wa Kinyamwezi asiujue utani. Niliujua. Babu yangu wa Goweko aliniita mke wake na kumtisha mama kwamba atanihamisha, nasi tulicheka mpaka tukakohoa. Lakini babu alicheka. Bwana Kondo hakucheka kamwe, hata meno yake sikuyajua, na baba alipomjibu naye alikunja uso. Katika hesabu zangu, jambo lisilochekewa ni la kweli. Siku moja baba akioga uani nilimwona begani, upande wa kulia, ngozi imekakamaa na kuwa nyeusi. Ilikuwa alama ya miaka yote ya kubeba mbao. Mimi nikaona ni alama ya pembe za ndovu. Nikajua kwa hakika kwamba baba alikuwa mpagazi wa mtu huyu, na kwamba mtu huyu huja kila jioni kumkumbusha.

Mwaka ule wavulana wa mtaa wetu walishikwa na homa ya vigari. Kigari chenyewe kilikuwa ubao tu, na chini yake mihimili miwili ya mti iliyochomekwa beringi kuukuu ncha zote. Ukikalia au ukilala kifudifudi juu yake, kwenye sakafu ya saruji au lami, kinakwenda kwa kelele kama mahindi makavu yakimiminwa ndani ya debe. Nilikitaka kigari kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Sikusema. Nilikaa tu barazani nikiwatazama wavulana, na sasa ninafikiri baba alinitazama mimi nikiwatazama, kwa sababu jioni moja aliokota kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha watu, akakipiga randa, akakizungusha kona zote kwa msasa, bila kuniambia ni cha nini. Beringi zililetwa na Bwana Kondo, zile zilizokwisha kazi na kutupwa, zimefungwa kwenye tambara lenye grisi.

"Shika," alisema. "Wapagazi wapewe magurudumu, mabega yapumzike."

Nilizipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, na moyoni nikamchukia.

Nilianza kwa kukaa. Kisha nikalala kifudifudi kama wavulana. Halafu siku moja, sijui kwa nini, nikasimama. Baraza yetu ya saruji ilikuwa na mwinamo kidogo, nami nikaenda nacho kutoka mlangoni mpaka ukingoni nimesimama, mikono imenyooka kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Nilipogeuka, msumeno wa baba ulikuwa umesimama katikati ya ubao. Bwana Kondo alikuwa kwenye gogo lake.

"Ameteleza tu huyo," alisema. "Mnyamwezi hasimami. Migongo yenu imepinda tangu enzi za misafara."

"Amesimama," baba alisema.

"Barazani. Hapa hata kuku anasimama. Mpeleke mteremko wa boma nimwone."

"Atasimama."

"Mpaka wapi?"

Baba aliutazama ubao wake, akaupuliza vumbi. "Mpaka chini," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoingizwa kwenye mashindano. Sikukuu ya Sabasaba ilikuwa inakaribia, na vijana wa chama, pamoja na mbio za magunia na kufukuza kuku na kubeba yai kwenye kijiko, safari hiyo walikuwa wametangaza mbio za vigari kutoka juu bomani. Mama alipinga. "Mtoto wa kike huyo, Baba Mayu, watu watasema nini?" Baba akasema nitavaa kaptula ndani ya gauni. "Na akivunjika mguu?" Baba akasema yeye ni seremala, atamtengenezea mwingine. Mama alicheka, na mama akishacheka jambo limepita.

Ninapaswa kusema habari za kifua cha baba, ingawa wakati ule hakuna aliyezisema. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda Kigwa na mafundi wenzake kutengeneza madawati na milango ya shule. Watu wa huko walikuwa wamehamishwa na kukusanywa katika kijiji cha ujamaa, na kila kitu kilitakiwa upesi. Alikaa huko msimu mzima wa baridi na vumbi. Aliporudi alikuwa amekonda, na akipumua ilisikika sauti ndani, sauti ya kufoka na kukatika. Kigwa iko kwenye njia ya reli. Nilidhani amekaa karibu na treni mpaka pumzi yake imejifunza, na nilipenda kulala karibu naye niisikilize ikipanda mlima. Nilimwiga. Mama alinipiga kofi, nami sikuelewa kosa.

Pamoja na pumzi hiyo alinifundisha. Alfajiri, kabla watu hawajajaa barabarani, tulikwenda kwenye kipande cha lami kilicho karibu na stesheni, akakimbia pembeni yangu, mkono wake karibu na mgongo wangu lakini haugusi. Nilikuwa na tabia ya kumgeukia. "Usinitazame mimi," alisema kila mara. "Mimi nipo. Tazama unakokwenda." Kisha alikaa ukingoni mwa barabara muda mrefu, viganja magotini. Mimi nilidhani anafikiri.

Siku ya Sabasaba upepo wa kipupwe ulivuma tangu asubuhi, bendera zikapiga makofi, vumbi likaingia kwenye meno. Watu walijipanga pande zote mbili za barabara, kutoka bomani mpaka chini. Tulikuwa watoto saba au wanane, wote wavulana ila mimi. Mwenyekiti wa tawi, mtu mnene aliyevaa kombati, alipanda juu ya kiti akasema katika nchi ya ujamaa hakuna wa kwanza wala wa mwisho, sote ni ndugu tunaojenga taifa. Kisha akainua zawadi ya wa kwanza, ambayo ilikuwa jembe jipya. Watu wakapiga vigelegele. Mvulana aliyekuwa karibu nami, anaitwa Saidi, alinitazama miguu.

"Wewe utalala au utakaa?"

"Nitasimama."

"Mwongo."

"Utaona."

"Nitaonaje na mimi nitakuwa mbele?" akasema, na wenzake wakacheka.

Baba aliinama kunifunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kanzu yake ya sikukuu na kofia nyeupe ya viua aliyoshonewa na mama, na kalamu bado iko sikioni. Nywele zake za kichogo zilikuwa na vumbi jekundu. "Mayu," alisema, "magoti laini. Usinitazame mimi." Nyuma yake Bwana Kondo alisimama amekunja mikono. "Nimekuja na machela," alisema. "Ya kumbebea mjukuu wa mizigo." Ndilo neno la mwisho nililolisikia kabla ya filimbi.

Sijui nieleze vipi mteremko ule. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo na hakuna kilichonipa maneno yake. Beringi zilianza kunguruma, mngurumo ukapanda nyayoni, magotini, mpaka kwenye mapengo ya meno yangu. Lami ilinuka kama jua. Wavulana waliolala kifudifudi walinipita mmoja baada ya mwingine, wepesi, vichwa vikiwa chini kama mijusi, na mimi niliyesimama nilikuwa ninakamatwa na upepo, gauni limejaa kama gunia. Pembeni yangu nilisikia kandambili zikipiga lami, na sauti inayofoka, na maneno ambayo upepo uliyakata. Nilijua ni baba. Sikumtazama. Nilitazama ninakokwenda. Halafu, karibu na nusu ya njia, kandambili zikanyamaza. Nikadhani nimempita kwa kasi. Nilifurahi.

Nilifika chini nimesimama, nikiwa wa mwisho.

Saidi alikuwa tayari ameshika jembe lake. Watu walikuwa wakipiga makofi na kupiga kelele, na mwanamke mmoja alinikumbatia akanifuta vumbi usoni kwa kanga yake, lakini mimi nilijua makofi yale ni ya jembe. Niliangaza macho. Nilitafuta kofia nyeupe. Nilitafuta kalamu. Mwisho nikamwona Bwana Kondo anateremka peke yake, hatua ndefu, jasho linamtiririka ingawa palikuwa na baridi.

"Baba yuko wapi?"

Alinitazama. Nimeurudia mtazamo ule mara nyingi mno, nao umechakaa kama picha iliyoshikwashikwa, siwezi tena kuapa ulikuwa na nini. Kisha uso wake ukajifunga.

"Baba yako? Kakimbia! Kaona mtoto wake wa mwisho, kaona aibu, huyoo, mitini! Wanyamwezi, bwana, mbio mnazijua."

Akaokota kigari changu, akakiweka begani kwake, akanishika mkono. Tulikwenda nyumbani kwa kuzunguka mbali, kupitia sokoni, akaninunulia kipande cha muwa ambacho sikukila. Tulipofika, mlango wa chumba cha baba ulikuwa umefungwa, na wanawake wa jirani walikuwa uani na mama. Niliambiwa baba amelala. Nilielewa: amejificha asinione.

Hakuinuka tena kufanya kazi. Upenu ukawa kimya, maranda yakakauka na kupeperushwa na kuku. Kigari changu kilitoweka siku ya pili tu, nami nikajua kimechukuliwa kwa kuwa nimeaibisha nyumba. Miaka mingi baadaye, nikiwa likizo kutoka chuoni, nilimwuliza mama. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. "Mimi ndiye niliyekitia darini," alisema. "Majirani walisema kelele zile zinamchosha mgonjwa." Akatoa jiwe, akalitupa. "Na yeye kila siku ananiuliza, mbona sikisikii?"

Baba aliniita mara kadhaa siku zile. Niliingia nikasimama mlangoni, mgongo kwenye fremu, macho chini. Chumba kilinuka mafuta ya mkaratusi. Mara moja ninaikumbuka neno kwa neno.

"Mayu. Miguu haijambo?"

"Haijambo."

"Ulifika chini?"

Nilishangaa. Tabora nzima ilijua nimefika, na nimefikaje. Kwa nini aniulize, kama si kunisimanga, kama rafiki yake?

"Nilifika."

Alivuta pumzi, treni ikapanda, ikashindwa, ikapanda tena. "Umesimama?"

Sasa ninajua kwamba lile lilikuwa swali, kwamba palikuwa na nusu ya barabara ambayo macho yake hayakuiona, na kwamba alitaka kuisikia kutoka kwangu. Mimi nilisikia hukumu. "Nilikuwa wa mwisho," nikasema, nikatoka nje.

Alifariki kabla ya mvua za kwanza. Sitaandika siku hiyo. Wanaume walimchukua mchana, sisi wanawake na watoto tulibaki, na kitu pekee nilichokiona vizuri ni viatu vingi mlangoni, vingi kuliko nilivyojua kwamba baba ana marafiki.

Siku ya kuanua tanga watu walijaa baraza na ua. Wanawake walikuwa wamechoka kulia, wanaume wamechoka kukaa. Ndipo Bwana Kondo alipotokea chumbani, amevaa kofia ya baba, aproni ya baba, kalamu ya risasi sikioni. Watu wakashtuka. Kisha mtu mmoja akasema, "Mtani kaja," na wote wakakaa vizuri.

Alikuwa baba. Sijaona mwigizaji mwingine wa namna ile. Alitembea kama baba, bega moja chini. Aliokota ubao wa kufikirika, akafumba jicho moja kuangalia kama umenyooka, akautukana. Alitafuta kalamu mezani, mfukoni, chini ya gogo, ilhali iko sikioni, na shangazi yangu, ambaye alikuwa hajala wala kunywa tangu msiba uingie, alitoa sauti iliyokuwa kicheko na kilio pamoja. "Mpagazi huyo!" mtu akapiga kelele. "Haya mbebeni, mnabebewa kila siku!" Ua mzima ukacheka. Mama alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Mimi nilimchukia upya. Mtu huyu amemtukana baba akiwa hai, na sasa amemvaa.

Kisha alisema kwa sauti ya baba, "Mayu kigari chake kiko wapi?" Mtu akapanda darini akakishusha.

Bwana Kondo alikiweka kwenye baraza, mlangoni. Akakisukuma taratibu, kitupu, kikaanza kunguruma, naye akakimbia pembeni yake. Alikimbia kinyumenyume nusu, kiubavu nusu, mikono imenyooka kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, magoti laini, macho kwenye kitu kilichokuwa juu ya ubao ambacho sisi hatukukiona. Kofia ikamwangukia puani. Alikuwa anapiga kelele. "Kasimama! Kifuu, njoo uone! Kasimama! Watu wa Tabora, mtoto wangu huyo, kasimama!" Alijikwaa, akainuka, akamsukuma mtu wa kufikirika kwa kiwiko, akampiga mwingine bega: "Unamwona? Unamwona? Wangu huyo!" Watu walikuwa wakilia kwa kucheka. Katikati ya baraza akasimama ghafla. Mkono ukaenda kifuani. Akakaa chini, polepole, pale pale kwenye saruji, na kigari kikaendelea peke yake mpaka ukingoni kikaangukia mchangani.

Kicheko kilikatika.

"Kondo," alisema kwa sauti ile ile ya baba, lakini ndogo, ya mtu asiye na pumzi. "Niache mimi. Nenda kampokee chini. Mwambie ninakuja."

Alibaki amekaa. Watu walingoja aendelee, kwa kuwa mtani hamalizii hapo, lazima apate neno la kugeuza mambo, watu wanyanyuke. Hakulipata. Alinitafuta kwa macho katika umati, na aliponiona, uso wake, ule uliofungwa siku zote, ulikuwa wazi.

Wengine wakaanza kulia upya. Katika vurugu hiyo hakuna aliyeniona nikitoka.

Nilijua kufa ni nini, msinielewe vibaya. Nilikuwa nimeona sanda. Lakini nilikuwa nimesikia pia kwa sauti yake mwenyewe kwamba anakuja, na kwamba nilitakiwa kuambiwa nimngoje, na sikuambiwa, nikaondoka. Hili lilinitosha. Nilikwenda kwa miguu mpaka chini ya mteremko wa boma, nikakaa ukingoni mwa lami, mahali nilipofika na kigari changu, nikatazama juu.

Jua lilikuwa linapungua Bwana Kondo aliponikuta. Bado alikuwa na kofia ya baba. Aliponiona aliivua, akaikunja mkononi.

"Unafanya nini hapa?"

"Baba amesema anakuja."

Nikangoja tusi. Alikuwa nayo mengi na mahali palikuwa pazuri. Alitazama barabara, kisha viatu vyake.

"Ndivyo alivyosema," akajibu. "Sogea kidogo, nami nikae."

Nilisogea. Tulikaa bega kwa bega tukiitazama lami inavyopanda na kugeuka kijivu. Alitokea mtu na baiskeli ya mkaa, akatupita. Wakatokea wanawake wawili na ndoo. Akatokea mzee wa kanzu, akateremka taratibu. Na kila mtu alipochomoza kule juu, Bwana Kondo aliinua shingo kabla yangu.